Usiue mashine nzima juu ya kosa moja

Wasee, wiki jana nilimliza dadangu, na kosa ni langu.

Hapa kwetu Kileleshwa tunatumia laptopu moja ya Linux. Nilikuwa nimeandika draiva ndogo ya kifaa cha USB, na ndani nikaweka BUG_ON. Maana yake: "hili haliwezi kutokea, na likitokea, ua." Nikajiona fundi. Jioni dadangu akachomeka kile kifaa akiwa katikati ya insha. Lisilowezekana likatokea. Skrini ikaganda. Kurasa sita hazikuwa zimeseviwa. Zikaenda.

Programu ya kawaida ikianguka unaifungua tena. Keneli ni tofauti: ndiyo inagawa memori na kuongea na diski na kibodi. BUG_ON inaua kazi iliyokuwa ikiendelea hapo, na kama ilikuwa imeshika kufuli, wengine wote wanangoja milele.

Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991, amekemea hii tabia miaka mingi. Mwongozo wa keneli wenyewe unasema tumia WARN_ON_ONCE, kisha ujiokoe. Yaani piga nduru kwenye logi, kataa hiyo kazi moja, maisha yaendelee.

Najua kuna mtu atasema bora mashine isimame kuliko iharibu data. Sawa, kuna siku hiyo ni kweli. Lakini anayetaka hivyo kwa seva yake anaweza kuwasha panic_on_warn mwenyewe. Huo ni uamuzi wa mwenye mashine, si wangu mimi mwandishi wa draiva.

Na sisemi uache kukagua. Tarehe 19 Julai 2024, programu ya CrowdStrike, inayokaa ndani ya keneli ya Windows, ilitarajia vitu 21, ikapewa 20, ikaenda kusoma cha 21 bila kuangalia kama kipo. Kompyuta kama milioni 8.5 zikaanguka. Ukaguzi mmoja tu wa kusema "hii faili ina kasoro, naikataa" ungezuia hiyo balaa.

Balbu ya ngazi ikiungua kwa ploti yetu, keateka hazimi stima ya kila nyumba. Anabadilisha balbu.

Mimi nimebadilisha ile laini. Dadangu aliandika insha upya hadi saa nane usiku, na chai nilipika mimi. Wewe, kwa kodi yako, ni nani analipia makosa yako?