Matusi ya Meneja Hayajazi Hoteli



Wakubwa wa hoteli hulalamika kwamba wahudumu ni wavivu na wanawanunia wageni. Sisi tunasema: tazameni kwanza wanavyoongozwa.

Katika hoteli moja tuliyoitembelea, sahani ikivunjika mshahara ulikatwa, na mpishi alitukanwa mbele ya wageni. Basi vigae vikafichwa, nyama iliyochacha haikutajwa, na wenye ujuzi wakaondoka mmoja mmoja. Alipokuja meneja mwingine akawa anakaa na kamati ya wafanyakazi kila Jumatatu. Wahudumu walikuwa wale wale, lakini makosa yakaanza kusemwa mapema.

Jambo hili si geni. Nchini Tanzania, Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliushika, na viwanda kadhaa viligoma kwa sababu ya mameneja wenye matusi.

Nyapara wa shambani na msimamizi wa kiwandani wasikie. Nasi viongozi wa chama tusikie pia: katibu anayefoka naye hufichwa ukweli, na chama kisichoambiwa ukweli hakiwezi kumtetea mtu.

Umoja ni nguvu.