Sigara: Dakika Mbili za Nesi

Mwezi huu naandika juu ya sigara, lakini sitawaambia kwamba sigara ni mbaya, hilo linasomeka hata kwenye pakiti. Nataka tuongee juu ya watu wa hospitali: madaktari, manesi, na wahudumu wa afya wanaopita kwenye nyumba zetu. Hao wanaweza kumsaidia mtu kuacha, na msaada huo unaweza kuuomba kama unavyoomba kupimwa malaria.

Mwaka 1979 huko London, Uingereza, mtafiti Michael Russell na wenzake walitangaza matokeo ya kazi waliyofanya na madaktari 28 na wavutaji zaidi ya 2,000. Wavutaji hao walikuja kutibiwa mambo yao mengine tu. Kundi moja halikuambiwa kitu. Kundi lingine, daktari aliwaambia kwa dakika moja au mbili waache, akawapa karatasi ya maelezo, akasema watafuatiliwa. Baada ya mwaka, katika wale wasioambiwa kitu waliokuwa wameacha ni kama 3 kwa kila 1,000. Kwa wale wengine, 51 kwa kila 1,000. Utasema 51 ni wachache. Ni kweli, ni wachache. Lakini mimi ni mwalimu, mnivumilie na hesabu: daktari mmoja anaona wagonjwa wangapi kwa mwaka? Na dakika mbili ni kitu gani? Ukiwa kwenye foleni unasubiri asubuhi nzima.

Sasa shida iko wapi. Nesi amechoka, anauliza homa, anauliza kikohozi, anaandika dawa, "mwingine aingie". Sigara haiulizwi. Na sisi wenyewe hatusemi. Mama mmoja wa darasa langu la jioni alinisimulia kwamba mume wake aliwahi kuulizwa, akajibu ndiyo, navuta. Nesi akamkaripia mbele za watu: unauza unga wa watoto ununue sigara! Tangu siku ile, akiulizwa anasema niliacha zamani. Unga kweli unauzwa, sote tunaona baada ya siku ya posho. Lakini nesi yule alimfunga mgonjwa mdomo, na mgonjwa aliyefungwa mdomo hasaidiki.

Anayejua kazi hii huuliza kila mgonjwa, kila mara, kwa sauti ya kawaida, na kuandika jibu kwenye kadi. Halafu humwambia jambo linalomgusa yeye mwenyewe. Mjamzito ataambiwa kwamba moshi unaweza kufanya mtoto azaliwe na uzito mdogo, hata kama anayevuta ni baba na yeye anaupokea tu ndani ya nyumba. Mwenye kifua kikuu ataambiwa kwamba sigara inaongeza hatari ya ugonjwa huo na inaharibu matibabu yake. Huyu wa kifua kikuu ana nafasi nzuri kuliko sisi wote, kwa sababu matibabu kwa kawaida ni miezi 6 na anaonana na mhudumu mara nyingi. Kumuuliza kila anapokuja, "sigara vipi, kaka?", hakuna gharama.

Kisha anaulizwa: uko tayari kuacha? Akisema bado, asigombezwe, ataulizwa tena siku nyingine. Akisema ndiyo, wachague siku ya kuacha, isizidi wiki mbili mbele, na apewe tarehe ya kurudi ndani ya wiki ile ya kwanza ya kuacha. Hapo kwenye kurudi ndipo mambo mengi yanapofia. Mwili uliozoea nikotini unasumbua siku za kwanza: hasira bila sababu, usingizi unakatika, kichwa kinauma, njaa inazidi. Asiyeambiwa mapema anafikiri anaugua, anarudi kwenye kipisi. Aliyeambiwa anajua wiki ya kwanza ndiyo kali, na baada ya wiki tatu au nne inapungua sana. Hata hamu yenyewe ikija hukaa dakika chache tu halafu hupita. Kunywa maji, toka nje, tembea, ongea na jirani. Mama na watoto nao waambiwe, ili hasira ya baba isigeuke kuwa ugomvi wa nyumba.

Vijana wengi wanasema, navuta juu ya mawazo. Msiwacheke, mawazo tunayo kweli. Ila sehemu kubwa ya ule utulivu wa sigara ni mwili unatulizwa njaa yake ya nikotini, na walioacha kwa kawaida huona wasiwasi unapungua wiki za baadaye. Mhudumu asiishie kusema acha, amuelekeze pia kwa washauri.

Kwa wazee, taratibu zaidi. Baadhi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Tabora, wakalima tumbaku, na pesa yake ikalisha watoto. Mzee wa namna hiyo ukimwambia tumbaku ni shetani, hakusikii. Muulize kwanza habari zake. Na ugoro nao uulizwe, siyo sigara peke yake.

Dawa zipo: vibandiko na chingamu za nikotini viliwekwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Ukiambiwa hapa hakuna, usiondoke. Zile dakika mbili hazihitaji stoo.

Kwa hiyo ukifika mezani, hata kama umekuja kwa ajili ya mguu, sema hivi: "Navuta, nataka kuacha, nirudi lini?" Mwenye swali aliandike kwenye karatasi, mtoto wake aniletee shuleni. Jina siyo lazima.