Likasi: Kivuli cha mti si anasa kwa aliyekimbia vita

Likasi – Kila mara familia zilizokimbia vita zinapozungumziwa, hesabu ni ileile: magunia ya unga, maturubai, sabuni. Mtu akisema kwamba wanahitaji pia mahali pa kukaa kimya chini ya mti, watu wanacheka. Mti ni chakula? Wengine wanasema hayo ni mambo ya Wazungu. Wengine wanasema ni uvivu. Wapo hata wanaonong'ona kwamba anayekaa peke yake kimya ni mlozi.

Wanaocheka wanakosea, na kosa lao linaumiza watu.

Unga ni wa kwanza, hilo halina ubishi. Lakini mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni anaweza kushiba bukari jioni na bado asipate usingizi. Pikipiki ikipiga kishindo barabarani, moyo unaruka. Mwili umefika Likasi, akili ingali njiani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Gunia la unga halitibu hilo.

Kinachosaidia hakina gharama kubwa. Mtu anakaa nje, nyayo zake zinagusa udongo, anavuta pumzi polepole. Anatazama kilicho mbele yake: gome la mti, chungu wanaopanda, mwanga kati ya majani. Anasikiliza upepo na ndege. Mawazo ya vita yakija, hashindani nayo wala hayafuati. Anayaona yakipita, kisha anarudi kwenye pumzi. Dakika tano zinatosha kuanza. Hakumzuii mtu kusali, na hakuna anayedaiwa pesa.

Wala si jambo la Wazungu. Mkulima wa Katanga anayekaa ukingoni mwa shamba mwezi wa tisa, akitazama majani mapya mekundu ya miombo kabla mvua haijaanza, anafanya hivyo bila kuupa utulivu huo jina.

Anayetaka ushahidi autazame Uganda. Katika kambi ya Rhino, wanawake 694 waliokimbia vita vya Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walikutana kwa vikundi mara tano, saa mbili kila mara, wakafundishwa kutuliza akili kwa njia kama hizo. Mafundisho yalitoka katika sauti iliyorekodiwa, kama kipindi cha redio. Baada ya miezi mitatu, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakufuata mafundisho hayo. Vita havikuisha kwao, na umaskini haukuisha. Lakini walipata nguvu ya kuubeba mzigo.

Sasa wanaocheka wajibu swali moja: hapa Likasi, mtu huyo akae wapi?

Miti ya kando ya mji inakuwa makala. Lawama zisimwangukie tu yule anayesukuma baiskeli yenye magunia. Nyumba isiyo na umeme lazima ipike. Lakini hata mti ulio katikati ya mtaa unakatwa bila mtu kuuliza, na kiwanja kilicho wazi leo kesho kinaweza kuwa na ukuta. Malori ya madini yanapita, vumbi linabaki.

Tena si kila mahali nje panafaa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi mkojoni. Asiwepo basi wa kumwambia mkimbizi akapumzike kando ya lundo la takataka za kiwanda. Mji wa shaba ndio unaohitaji zaidi kivuli safi.

Wala asitumwe mbali porini. Wengi walijificha porini, na huko ndiko waliposikia milio ya risasi. Kwao kichaka si mahali pa amani. Mti unaofaa ni ule ulio karibu na nyumba, palipo na watu, ambapo mtu anaweza kukaa macho wazi na kuondoka anapotaka. Na ambaye hata hivyo halali, hali, au anataka kujiua, asiachwe chini ya mti peke yake. Apelekwe kwenye kituo cha afya.

Likasi inajua maana ya kukosa pa kukaa. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa, maelfu ya watu walilala kwa miezi kwenye kituo cha treni wakingoja kuondoka. Mji ulioona hayo haupaswi kumfukuza mgeni aliyeketi chini ya mwembe.

Kinachodaiwa ni kidogo. Katika kila komini, Kikula, Likasi, Panda na Shituru, wakuu watenge kiwanja chenye miti ambacho hakiuzwi wala hakikatwi. Shule, parokia na misikiti zifungue malango yao saa za jioni. Redio zitoe dakika kumi kwa mafundisho hayo, kwa Kiswahili. Na mwenye mwembe mbele ya nyumba yake, akimwona mama wa watu amekaa hapo kimya, asimwulize anafanya nini. Ampe kigoda.

Mwembe unachukua miaka mingi kukua. Kuukata ni kazi ya asubuhi moja.