Ukurasa wa Kazi za Mikono: Magurudumu ya Kufua na ya Kusubu

Tumeletewa barua na kijana mmoja wa pwani ambaye babu yake amemwachia gari la Mercedes-Benz, la jamii ile waijuayo mafundi kwa jina la W123, iliyotambulishwa kwa watu mwaka 1976 na kutengenezwa hata mwanzo wa mwaka 1986. Gari hilo, asema, ndilo liwapelekalo wadogo zake madrasa na mama yake hospitali. Magurudumu yake ya alumini yamepauka na kutoka unga mweupe, na rafiki zake wamshauri ayauze, anunue mapya ya inchi 17 yang'aayo, ambayo bei yake ni rahisi. Atuuliza lipi lililo bora.

Ndugu yetu, kabla ya kuuza kitu yampasa mtu akijue alicho nacho. Magurudumu ya alumini hufanywa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kusubu, yaani madini huyeyushwa yakamiminwa katika kalibu, yakapoa kwa sura ya kalibu ile. Njia hii si ngeni: Ettore Bugatti aliyatia magurudumu ya kusubu katika gari lake la mashindano, Type 35, lililoonekana Lyon, Ufaransa, mwaka 1924, na ngoma ya breki ilikuwa imeungana na gurudumu lenyewe. Njia ya pili ni kufua, kama mhunzi afuavyo jembe, ila nyundo yake ni mashini yenye nguvu nyingi mno. Kipande cha alumini hupashwa moto pasipo kuyeyuka, kikagandamizwa hata kikapata umbo. Hapo chembe za madini hushikamana zaidi, wala hazibaki zile tundu ndogo za hewa ambazo huweza kujificha ndani ya kitu kilichosubiwa.

Kiwanda cha Otto Fuchs, cha mji wa Meinerzhagen nchini Ujerumani, kilichoanza kazi mwaka 1910, ndicho kilichopata sifa kubwa katika kufua. Lile gurudumu la majani matano lililotiwa katika Porsche 911 S mwaka 1966 ni kazi yake, na ukingo wake ulipatikana kwa kuupasua mzingo wa kipande kilichofuliwa na kuutandaza kwa magurudumu ya kukereza. Kiwanda hicho hicho kiliwafulia Mercedes-Benz yale magurudumu ambayo wapenzi wa magari huyaita Barock. Kwa hiyo, kijana, geuza gurudumu lako utazame mgongoni. Ukiliona jina la Fuchs, na namba ya mtengenezaji, na maandishi kama 6J × 14 H2 ET 30, basi rafiki zako wanakushauri uuze dhahabu ununue shaba.

Maandishi hayo si urembo. 6 ni upana kwa inchi. J ni umbo la ukingo unaolishika tairi. 14 ni kipenyo. H2 ni matuta mawili yanayolizuia tairi lisichomoke. Na ET 30 ni kwamba uso unaokalia habu umesogea milimita 30 kutoka katikati ya gurudumu. Hesabu hiyo ya mwisho ikikosewa, tairi hugusa bodi, au beringi hubeba mzigo mahali pasipopangiwa.

Sasa tulinganishe. Tairi la 195/70 la inchi 14 lina ubavu wa milimita 136 hivi. La 205/45 la inchi 17 lina milimita 92 tu. Mpira huo ndio mto wa gari. Katika barabara yenye mashimo, pigo ambalo ubavu mrefu ungelimeza, ubavu mfupi hulifikisha kwenye madini. Na hapo ndipo tofauti ya kufua na kusubu hudhihirika: la kufua aghalabu hujipinda kwanza, nawe ukahisi usukani ukitetemeka; la kusubu hupasuka mapema zaidi. Sisemi kwamba kila la kusubu ni baya, la hasha. Viwanda vyema husubu kwa uangalifu, na magurudumu ya Japani yaliyotimiza kanuni za huko huwa na alama ya JWL. Lakini hayo ya Kijapani yana hatari nyingine kwako. Mengi yenye matundu matano yamepimwa kwa duara la milimita 114.3, ilhali gari lako lataka 112. Fundi mwenye mikono ya nguvu ataziingiza bolti kwa kulazimisha, nazo zitakaa upande upande, hata siku moja zilegee watoto wakiwa ndani.

Ukiazimu kuyatengeneza yako, anza na ukaguzi. Yavue matairi, uyaoshe magurudumu kwa sabuni, uyakaushe, kisha uyapake mafuta ya taa na kuyaacha kitambo. Yapanguse yawe makavu, uyapake chaki nyeupe iliyosagwa. Penye ufa mafuta yatachuruzika tena na kuichora chaki mstari wa unyevu. Mstari ukitokea kwenye mkono wa gurudumu au karibu na tundu la bolti, gurudumu hilo limekwisha. Kulehemu hakulirudishii nguvu, kwani moto wa kulehemu huiondoa ile karara ya kiwandani. Na afichaye ufa kwa rangi mpya akauza, huyo hakuuza gurudumu. Ameuza ajali, na fedha yake haina baraka.

Rangi ya zamani itolewe kwa dawa isiyodhuru alumini au kwa msasa. Soda kali ya kutengenezea sabuni usiikaribishe kabisa, maana huila alumini kama mchwa alavyo mti, tena hutoa gesi inayowaka. Wako watakaokushauri upake rangi ya unga na kuioka tanurini, nayo ni rangi ngumu kweli. Lakini huokwa kwenye joto la sentigredi 180 hata 200, na alumini iliyokwisha kukarishwa hupoteza nguvu kadiri joto linavyopanda na muda unavyorefuka. Muulize mwenye tanuri hesabu zake kabla hujampa mali yako. Akisema, "Mpaka iive," chukua magurudumu yako uende. Rangi ya kupuliza yenye vanishi juu yatosha. Fedha ndiyo rangi yake ya asili. Nyeusi ni mtindo wa vijana, wala sitagombana na mtu.

Zibaki bila rangi sehemu mbili: kiti cha kila bolti, na uso unaokalia habu. Rangi nene hapo hulainika na kubonyea, bolti ikalegea. Bolti za Mercedes hii zina shingo ya mviringo kama gololi. Zile zenye shingo ya pia kutoka magari mengine zisitumike. Zikaze kwa spana yenye kipimo, na baada ya kilomita 50 hivi uzipime tena. Gurudumu la akiba likiwa la chuma, weka pamoja nalo butini zile bolti fupi, kwani zile ndefu za alumini zitapenya mno katika chuma chembamba na kugusa breki zikizunguka.