Tupande Frambuazi Kwetu



Mwezi uliopita niliandika majina ya watoto watatu wa mwaka wa kwanza kwa sababu walitoka nje ya lupango saa ya masomo ya jioni. Waliporudi midomo ilikuwa myekundu, hata uongo ulikosa nafasi. Walikuwa bondeni kutafuta frambuazi za pori, zile wenzetu wa Kinyarwanda wanaziita inkeri. Wakapewa azabu ya kukata majani siku mbili. Na wakatumwa wapi? Nyuma ya nyumba ya kulala, pale pameota frambuazi zilezile! Wakazikata zote kwa kupekupe. Mimi nilisimama kuwachunga, nikasikia haya, maana nilipokuwa mwaka wa pili nilipita katika tundu lilelile. Hakuna aliyeniandika.

Sitetei utoro, kapita hawezi. Lakini kitu kinachopendwa namna hii, sababu gani tunakihesabu kuwa majani mabaya?

Wengine wanasema frambuazi ni mambo ya Wazungu, lazima baridi. Ni kweli nusu. Ile nyekundu ya Ulaya inataka majira ya baridi kali ndipo izae vizuri, na baridi ya vile sisi hatuna. Lakini hizi za milima ya Kivu ni jamaa yake tu, hazingojei theluji. Ziko hapa, tena bure.

Ukienda likizo beba chipukizi lenye mizizi, ulipande mvua ikianza. Kati ya mti na mti acha metre moja. Usipande pale maji yanasimama, mizizi itaoza. Wala pale nyanya au viazi vimetoka, kwa maana ugonjwa wa udongo unaoviua unashika frambuazi pia. Mizizi yake haiendi chini sana, basi funika udongo kwa majani makavu ao maganda ya maharagi. Tena sikieni hili: tawi likiisha kuzaa linakauka. Kata hilo, uache yale mapya, kwani ndiyo yatakayozaa. Watu wengi wanakata mapya kwa sababu yanasumbua njiani, kisha wanalalamika mti hauzai.

Najua mama yangu akiniona ninapanda miiba katika parseli yetu ndogo, ataniuliza kama ndiyo masomo aliyonilipia. Ni haki yake. Sitamwambia apunguze maharagi hata mstari mmoja. Nitapanda kandokando ya lupango tu, na mbuzi za jirani zitajionea. Feza nyingi sitamwahidi, maana tunda hili halikai: siku mbili limekwisha kuharibika, na njia zetu mnazijua. Ndiyo maana mahali pake ni karibu na mlango, wadogo zangu wachume asubuhi na kula palepale. Mtoto anayechuma kwao hatelemki bondeni magaribi.

Hapa shuleni vilevile. Juzi nilikwenda kutazama nyuma ya nyumba ya kulala. Mizizi haikufa, machipukizi matano yamekwisha kutoka. Ninamwomba Bwana Prefe aseme neno mbele ya salongo ya Jumamosi, kupekupe zisipite pale, na wale watoto watatu wapewe kazi ya kuyatunza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita