Baiskeli nayo hupimwa kama kiatu

Kuna baiskeli moja kule kwetu kusini mwa Kitui ambayo mama yangu aliisukuma kwa miaka tisa. Aliipanda mara moja tu, ikamwangusha, akalala kitandani wiki mbili. Tangu siku hiyo akaapa kwamba baiskeli ni kitu cha wanaume.

Ilikuwa ya marehemu baba: Black Mamba nyeusi tititi, magurudumu ya inchi 28, fremu ya inchi 24, keria pana nyuma. Baba alikuwa mtu mrefu. Mwaitu, kama tunavyomwita mama sisi Wakamba, ni mfupi, na ufupi wake uko miguuni kuliko kiwiliwilini. Akiketi kanisani analingana na wenzake. Wakisimama kuimba, hutamwona.

Mwenyeji wa Ukambani anajua kazi ya baiskeli. Mito kama Tiva na Thua hukauka juu, maji yakabaki chini ya mchanga. Mtu hufunga mitungi ya lita 20 kwenye keria, akateremka, akachota, akapanda kilima akisukuma. Mitungi minne ikijaa ni kilo 80, na hapo hakuna anayependa mzaha. Lakini safari ya kwenda huwa ni ya mitungi mitupu na njia ni ya mteremko. Mwenye baiskeli inayomfaa huipanda. Mwaitu aliisukuma kwenda, akaisukuma kurudi. Kwa miaka tisa alikitembeza chombo ambacho kingepaswa kumbeba yeye.

Aliyetufumbua macho ni fundi mmoja wa Kathonzweni, Makueni, anayefanyia kazi chini ya mwembe. Nilikuwa nimempelekea baiskeli ya mpwa wangu iliyovunjika bomba la kiti. Nikampa na habari za mama. Hakucheka. Aliniuliza, "Dada, viatu vya marehemu mzee, mama huvivaa?" Nikasema la. "Basi kwa nini mnamvisha baiskeli yake?"

Alieleza hivi. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuhitaji baiskeli mbili tofauti, kwani mmoja kimo chake kiko miguuni na mwingine kiko mgongoni. Kwa hiyo usiulize tu, "Wewe una futi ngapi?" Pima miguu.

Kupima ni rahisi na hakuna gharama. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, miguu ikiachana kidogo. Weka kitabu kigumu katikati ya miguu, ukivute juu mpaka kiguse kinena jinsi kiti cha baiskeli kinavyogusa. Mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia mgongo wa kitabu mpaka sakafuni. Nilipompima Mwaitu nilipata sentimita 69.

Sasa linganisha na chuma. Paipu ya juu ya Black Mamba ya inchi 24 huwa juu ya ardhi kwa sentimita 85 au zaidi. Mtu anapaswa kusimama ameipanua miguu juu ya paipu hiyo, nyayo zote mbili chini, na bado ibaki nafasi ya sentimita mbili hadi tano. Mwaitu alipungukiwa na zaidi ya sentimita 15. Siku ile aliyoanguka hakukosa ujuzi, bali alikosa mahali pa kukanyaga baiskeli iliposimama ghafla.

Hesabu ya pili ni ya kiti. Zidisha urefu wa mguu kwa 0.88. Jibu ndilo umbali kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayoshika mikono ya pedali, mpaka juu ya kiti. Hesabu hii ilipata umaarufu kupitia Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Kwa Mwaitu inatoka sentimita 61 hivi. Fremu ya inchi 24 peke yake ni sentimita 61, na hujaweka kiti chenye springi zake! Hata kiti kingeshushwa mpaka mwisho, miguu isingefika pedali.

Usiye na futi, tumia kisigino. Keti kitini huku umeshika ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukianza safari utakanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litabaki limekunjika kidogo. Ndivyo inavyotakiwa.

Msomaji, maumivu nayo husema. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, au kiuno kikiyumba kushoto na kulia, kiti kiko juu mno. Viganja vikifa ganzi na mabega yakichoka, usukani uko mbali nawe. Kabla ya kumshuku jirani kwa uchawi au kumaliza pesa kwa dawa za kuchua, shika spana. Maumivu yasipopungua baada ya hapo, nenda zahanati.

Nirudi kwa mpwa wangu. Yeye ni kinyume cha nyanya yake: miguu ya korongo, kiwiliwili kifupi. Mguu wake ulipimwa sentimita 92, kwa hiyo kiti chake kinatakiwa kiwe kwenye sentimita 81. Alikuwa amenunua baiskeli ya mtumba yenye fremu ndogo, akalivuta bomba la kiti juu kila alipoona magoti yakikaribia kidevu. Lilibaki kidogo tu ndani ya fremu, likavunjika akiwa mteremkoni. Mungu ni mkubwa, alichubuka tu. Fundi alituonya: bomba la kiti lisibaki ndani chini ya inchi mbili na nusu, na shingo ya usukani vivyo hivyo. Kama kuna alama kwenye chuma, alama hiyo isionekane nje.

Kijana wa namna hii asione haya. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa baiskeli Kikuyu na David Kinjah, ana miguu na mikono mirefu, na viwiko vyake hutokeza nje akiendesha. Umbo hilo halikumzuia kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017.

Sasa sikiliza ajabu ya mambo. Mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi anahitaji fremu ndefu kwenda juu, lakini usukani ulio karibu. Black Mamba ni hivyo hasa: fremu iko juu, na vishikio vya usukani vimepinda kumrudia mpandaji. Baiskeli ya babu ilikuwa ikimngoja mjukuu! Tuliinua kiti, tukainua usukani kidogo. Hapo pana mtego mmoja: breki za Black Mamba ni za fito za chuma, na ukiinua usukani fito za mbele huvutwa nazo, breki ikabana rimu. Legeza fito, kisha ujaribu breki mahali tambarare kabla ya kushuka kilima chochote.

Ile fremu ndogo ya mtumba tulipewa bomba jipya, tukaibadilisha kwa baiskeli ya kike ya inchi 20, tukaongeza pesa kidogo. Haina paipu ya juu, hivyo Mwaitu hupanda na leso yake bila taabu. Kiti kimeshushwa mpaka mwisho. Kwa kuwa kiwiliwili chake ni kirefu kuliko miguu, kiti kilisogezwa nyuma kidogo ili asibanwe na usukani. Mizigo mizito hatuifungi humo, maana fremu ya kike hujipinda kuliko ya kiume. Mitungi miwili inatosha. Mingine huletwa na mjukuu.

Je, mwenye mguu mmoja mfupi, labda kwa sababu ya polio? Apime miguu yote miwili, kiti kiwekwe kwa kufuata mguu mfupi zaidi kuliko mrefu, na pedali ya upande huo ifungwe kipande cha ubao au kiatu kiongezwe soli. Tofauti ikiwa kubwa, aone kwanza mtaalamu wa viungo hospitalini. Na watoto wanaopitisha mguu chini ya paipu ya baiskeli ya baba ili wafike dukani? Sote tulifanya hivyo. Lakini mtoto huyo anaendesha akiwa amepinda upande mmoja na breki haifiki vizuri. Barabara ya lami yenye pikipiki na malori si mahali pake.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mwaitu alikuwa amekufa moyo kwa sababu ya vipimo alivyopewa, wala si kwa sababu ya umri au kuwa mwanamke. Mwezi uliopita nilimkuta njiani akiteremka kwenda mtoni, mitungi mitupu ikigongana nyuma yake. Nilimpungia mkono. Hakunipungia, mikono yote miwili ilikuwa kwenye breki. Alinipigia kengele tu, akapita.

Hadi Jumapili ijayo, toa futi ya cherehani kabatini, uwapime watu wa nyumbani kwako.