Kabla ya kulaumu barabara, geuza ile pete

Leo siasa naziweka pembeni. Nataka tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakikalia kila siku bila kukijua: shokapu za bodaboda.

Wiki iliyopita nilichelewa kutoka kazini, nikachukua boda Mbezi kwenda Goba. Saa tatu usiku, mimi na begi langu zito, na dereva mwenye mwili wake. Kila gari lililokuja mbele yetu lilituwashia taa kali. Jamaa akawa anawatukana. Kila tuta, nyuma inagonga "ko!" mpaka meno yanakutana. Halafu kwenye kona moja ya mteremko pikipiki ikagoma kukata, ikatanuka hadi upande wa pili, na lori linakuja. Tulipona kwa nafasi ndogo sana. Niliposhuka nikamuuliza, "Kaka, hii pikipiki ina nini?" Akajibu hata bila kufikiri: "Barabara mbovu, dada."

Eti barabara! Pale kwenye kona kuna lami safi kabisa.

Kesho yake nikamsimulia fundi wa mtaani kwetu. Hakucheka. Akachuchumaa nyuma ya pikipiki iliyokuwa pale, akanionyesha chini ya springi: kuna pete yenye ngazi ngazi. Pikipiki nyingi za boda zinayo, moja kila upande. Ukiigeuza kwa spana yake, springi inabanwa zaidi na nyuma inainuka. Haifanyi springi kuwa ngumu zaidi, kama wengi wanavyodhani. Inachofanya ni kuzuia pikipiki isilale sana mnapokaa.

Sasa unganisha na safari yangu. Watu wawili na mzigo, pete iko ngazi ya chini kabisa. Nyuma imelala, mbele imeinuka. Taa inamulika machoni mwa wenye magari badala ya barabarani. Gurudumu la mbele limekuwa jepesi, ndio maana kona haikatiki. Na shokapu imebakiwa na nafasi ndogo ya kucheza, kwa hiyo tuta dogo tu linaifikisha mwisho. Matatizo matatu, chanzo kimoja.

Kupima ni rahisi. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli hadi alama moja juu yake. Ishushe, kaeni wawili, mtu wa tatu apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya urefu ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Kama ni milimita 100, basi iwe kama 30. Ikizidi, panda ngazi moja, pande zote mbili sawasawa. Na upepo wa tairi uwe sahihi kwanza, la sivyo unajidanganya.

Wapo wanaokaza mpaka mwisho na kuacha hapo hapo. Hilo nalo kosa. Ukiwa peke yako kwenye barabara ya vumbi, tairi linarukaruka badala ya kushika chini, na tairi lisiloshika chini halifungi breki.

Najua mtanijibu: shokapu zenyewe zimeisha, zinavuja mafuta. Kweli. Iliyovuja haina cha kuzuia springi, inadunda kama mpira, na pete haitaisaidia. Hiyo ni ya kubadilisha. Lakini hapo swali ni la mwenye pikipiki, anayepokea hesabu yake kila jioni na kununa akiambiwa kuhusu matengenezo. Dereva anaogopa kunyang'anywa chombo, abiria ananyamaza, na mgongo unaoumia sio wa tajiri.

Tangu kanuni za leseni za bodaboda zilipotoka mwaka 2010, tumeongea sana kuhusu kofia ngumu na mshikaki. Ni sawa, tuendelee. Ila mimi naona tumemfundisha dereva kuogopa trafiki kuliko kujua chombo chake. Mafunzo ya udereva yasiyomwonyesha kijana ile pete yana pengo. Dakika kumi zinatosha. Barabara ya Goba ni kazi ya serikali na tuidai, lakini pete haisubiri bajeti.

Na sisi abiria tusijitoe. Usiku, magari yakianza kuwawashia taa, usijiunge kutukana. Mwambie dereva taratibu, "Kaka, nyuma imelala, hebu tuiangalie kesho." Mimi nilimpigia yule wa Goba siku iliyofuata. Alikuja kwa fundi, wakapandisha ngazi mbili. Jioni akanibeba tena, kona ile ile. Safari hii hakuna gari lililotuwashia.

Nawasilisha.